Sindano Sikupi

Watu wakisikia nilifanya kazi ya uuguzi katika chumba cha upasuaji, swali lao la kwanza huwa ni moja: ulikuwa unakulaje nyama? Nami nilikaa Waithaka, mwendo mfupi kutoka machinjio ya Dagoretti, mahali ambapo upepo ukigeuka hata nguo zilizoanikwa hushika harufu. Nilikula nyama bila wasiwasi. Nimeshika matumbo ya watu kwa mikono miwili. Nimefuta usaha uliokaa ndani ya mtu majuma matatu. Nimebeba mguu uliooza wa mzee mmoja hadi mahali pa kuchomea, kisha nikarudi nikanawa, nikanywa chai na mandazi. Kinyaa cha kweli, kile kinachopanda kutoka tumboni na kuziba koo, nilikipata mara moja tu katika miaka hiyo yote, na hapakuwa na jeraha karibu. Nilikuwa nimevaa nguo zangu nzuri, katika ukumbi wa hoteli katikati ya jiji, mchana kweupe, na watu walikuwa wakipiga makofi.

Hospitali yetu ilikuwa ya binafsi, upande wa magharibi wa Nairobi, si kubwa sana. Ilikuwa miaka michache baada ya ule mwaka wa elfu mbili. Thieta, kama tulivyokiita chumba hicho, ilikuwa mwisho wa korido ndefu, na mlangoni palikuwa na mstari mwekundu uliopakwa sakafuni. Kuvuka mstari huo ilikuwa lazima uwe umevua nguo za nje na viatu vya nje, umevaa za ndani, umefunika nywele na kufunga maski. Ng'ambo ya mstari tulikuwa watu tusiojulikana. Mgonjwa huletwa kwetu akiwa na hofu, hulazwa usingizi, hupasuliwa, hushonwa, na anapofumbua macho sisi tumeshaanza kusafisha vyombo. Sista wa wodi ndiye mgonjwa anayemkumbuka, ndiye anayemletea ndizi na kadi ya shukrani siku ya kwenda nyumbani. Mara nyingi nimepishana kwenye ngazi na mtu niliyemshika mkono mpaka usingizi ukamchukua, akanipita kama anavyompita askari wa getini. Sikumlaumu. Atanijuaje?

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa mama mmoja aliyekuwa amebakiza miaka michache astaafu. Alizaliwa hukohuko Waithaka, katika familia iliyokuwa ikilima pale kabla mashamba hayajakatwa viwanja. Alikuwa mfupi, hata ikabidi akanyage stuli ya chuma ili aifikie meza ya mgonjwa vizuri, na madaktari wapya walidhani ni mtu wa kuchezewa mpaka siku ya pili. Sauti yake ilikuwa ya chini. Sikuwahi kumsikia akiipandisha, isipokuwa wakati wa kuhesabu.

Kuhesabu ndiyo sehemu ya kazi yetu ambayo mtu wa nje haioni. Kabla mgonjwa hajapasuliwa, sista anayempa daktari vyombo na sista mwenzake anayezunguka nje ya meza huhesabu pamoja, kwa sauti, kila kitu kinachoweza kubaki ndani ya mtu: mikasi, sindano, na zile swabu, vitambaa vya kufyonza damu. Kabla hajafungwa, huhesabu tena. Hesabu mbili zisipolingana, hafungwi mtu. Swabu iliyolowa damu hufanana na nyama. Ikijibanza nyuma ya ini huwezi kuiona. Ikisahauliwa humo, mtu hurudi nyumbani akiwa na furaha, na baada ya wiki mbili anaanza kuoza kutoka ndani.

"Hesabu kama mama anayefunga mlango jioni," aliniambia wiki yangu ya kwanza. "Usiseme watoto wako wengi ndani. Sema wako wangapi."

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa Jumanne asubuhi. Aliletwa bibi mmoja Kalasinga kutoka Loresho, mjane, mama wa mfanyabiashara aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini. Alikuwa na uvimbe tumboni. Mkononi alikuwa na bangili ya chuma ambayo dini yake haikumruhusu kuivua, na sista wa mapokezi alikuwa tayari ameshaanza kumgombeza. Mwalimu wangu aliteremka kwenye stuli, akachukua bendeji, akaizungusha juu ya bangili ile polepole mpaka ikafunikwa yote.

"Imelala," akamwambia bibi. "Na wewe lala."

Yule bibi alicheka kidogo. Halafu daktari wa usingizi akafanya kazi yake.

Mpasuaji alikuwa bwana mwenye jina kubwa mjini. Alikuwa na mikono mizuri, siwezi kumnyima hilo, lakini alikuwa na haraka. Siku hiyo alikuwa na miadi hospitali nyingine saa sita. Uvimbe ulitoka vizuri, damu ilikuwa nyingi lakini ikatulizwa. Mwalimu wangu alikuwa kwenye vyombo, mimi nilikuwa mzungukaji. Tukahesabu swabu.

"Kumi na tisa," nikasema.

"Tena," akasema.

Tukarudia, tukizitandaza moja moja juu ya plastiki sakafuni.

"Kumi na tisa."

"Daktari," akasema kwa sauti yake ya chini, "zilikuwa ishirini. Moja haipo."

"Iko kwa ndoo ya taka," mpasuaji akajibu bila kuinua kichwa. "Tafuteni. Mimi nimeangalia huku, hakuna kitu. Lete sindano nifunge."

Nilipiga magoti nikatafuta. Nilimwaga ndoo zote, nikaangalia chini ya meza, chini ya viatu vyao, ndani ya mashuka. Mashine ya eksirei ya kusukuma, ambayo ingeionyesha swabu tumboni, ilikuwa imeharibika, ilikuwa ikingoja fundi. Niliinuka nikatikisa kichwa.

"Haiko nje, daktari," mwalimu wangu akasema. "Iko ndani."

"Sista, nimesema nimeangalia. Lete sindano."

"Sindano sikupi."

Mpasuaji alimwangalia juu ya maski. Kisha akaanza. Alimwambia amezeeka. Alimwambia hajui tena kuhesabu, aende akahesabu kuku wake Waithaka. Alimwambia mengine ambayo sitayaandika, yanayohusu kimo chake na kabila lake. Yeye alikuwa ameshikilia sindano yenye uzi tayari, ameibana kwenye koleo, mkono wake umetulia kifuani.

Daktari wa usingizi, kijana mpole, alipiga simu kumwita metroni, mkuu wa wauguzi wote wa hospitali. Metroni alikuja. Viatu vyake vya visigino tulivisikia tangu mwanzo wa korido. Alisimama kwenye mstari mwekundu, akachungulia kupitia mlango uliofunguliwa nusu, kitambaa kimeshikwa puani.

"Sista," akaita kutoka pale. "Mpe daktari anachotaka. Usituletee aibu."

"Metroni, ingia uhesabu mwenyewe," mwalimu wangu akasema.

Hakuingia. Alisema yeye si mtu wa kubishana mbele ya mgonjwa, kana kwamba yule bibi alikuwa anamsikia. Akasema ni amri. Akaondoka, koko, koko, koko.

Mwalimu wangu hakusogea. Sijui ilikuwa dakika moja au tano. Mwishowe mpasuaji akatukana kwa Kiingereza, akarudisha mkono ndani ya tumbo la yule bibi kwa hasira, juu, nyuma ya ini, na nikauona uso wake ukibadilika. Alitoa kitu cheusi kilichokunjamana kama jani lililooza. Hakukiweka kwenye bakuli. Alikitupa sakafuni, kikatua kwa kishindo cha maji karibu na stuli ya mwalimu wangu na kumrushia damu kwenye gauni.

"Ishirini," akasema mwalimu wangu. "Asante, daktari." Akamkabidhi sindano.

Hakuna aliyesema pole. Mpasuaji alifunga, akavua glavu, akaenda miadi yake. Ijumaa yake mwalimu wangu aliitwa ofisini akapewa barua ya onyo. Niliisoma, kwa sababu alinipa niisome. Ilisema kwamba sista huyo, akiwa kazini, alikataa kumpa daktari mpasuaji sindano ya kushonea licha ya kuamriwa na daktari huyo na baadaye na metroni, na kwamba ukaidi wa namna hiyo ukirudiwa atafukuzwa. Aliikunja, akaitia kwenye pochi yake, akaenda kuandaa meza ya mgonjwa aliyefuata.

Yule bibi alipona. Mwanawe alikuja na boksi kubwa la ladu, vile vitamutamu vya Kihindi, na barua aliyoiandika kwa mkono. Daktari wa usingizi alikuwa amemnong'oneza habari yote. Barua iliandikwa kwa ajili ya "sista aliyekataa", maana hakujua jina. Ilipelekwa ofisi ya metroni, kama zilivyopelekwa barua zote. Ladu nazo zilikwenda huko. Sisi tuliambulia boksi tupu, likatufaa kwa kuwekea kalamu.

Sasa, chama chetu cha wauguzi kilikuwa na jarida lililotoka kila baada ya miezi mitatu, kurasa chache za karatasi nyepesi. Humo tulisoma nani amehitimu, nani amehamishwa, nani amefiwa, na nani amepongezwa. Wodi zilipongezwa, wakunga walipongezwa, watu wa kliniki za chanjo walipongezwa. Thieta tulitajwa mara moja tangu niajiriwe, na ni kwa sababu bomba la maji lilipasuka juu yetu. Kwa hiyo jarida lilipotangaza kwamba safari hii kutakuwa na tuzo ya muuguzi wa chumba cha upasuaji, na kwamba wanachama watume visa vya wenzao waliostahili, nilifurahi kama mtoto aliyeona jina lake ubaoni. Niliandika kurasa nne. Niliandika usiku mbili, nikafuta, nikaandika tena. Nilieleza stuli, bangili, hesabu, na maneno yale mawili. Sikumwambia mwalimu wangu, nilitaka iwe zawadi. Na kwa sababu kanuni ilitaka kila kitu kipitie kwa mkuu wa wauguzi, niliipeleka kwa metroni kwa mikono yangu mwenyewe.

"Una kalamu nzuri," akaniambia alipoipokea. Nilitoka pale nikitabasamu.

Jarida lilipofika, lilibandikwa kwenye ubao karibu na chumba cha chai. Kisa kilikuwa ukurasa wa mbele. Sentensi zilikuwa zangu, hata pale nilipokosea nukta palikuwa vilevile. Lakini mahali nilipoandika "yeye", palikuwa "mimi". *Nilisimama, nikamtazama daktari, nikamwambia: sindano sikupi.* Juu yake palikuwa na picha ya metroni, amesimama mlangoni mwa thieta yetu, ndani ya mstari, amevaa nguo zetu za kijani zenye mikunjo ya pasi. Maski ilikuwa juu chini. Ule waya wa kubana pua ulikuwa kidevuni.

Nilisoma mara mbili, nikaenda ofisini kwake bila kubisha hodi.

"Metroni, hiki kisa si chako."

"Funga mlango," akasema. Hakuonekana mtu aliyeshtuka. Alinionyesha kiti. "Msichana wangu, hospitali ni mwili. Mkono ukifanya kazi, ni nani anavishwa kofia? Kichwa. Hii tuzo ni yetu sote."

"Wewe ulimwambia ampe sindano. Nilikuwepo."

"Na ni nani alimfunza kusimamia ukweli? Si mimi ndiye mkuu wake?" Akafungua droo, akatoa fomu. Niliijua fomu ile. Ilikuwa ya kozi ya mwaka mmoja ya uuguzi wa upasuaji, ile inayompa mtu cheti na cheo, na kila mwaka hospitali ilimpeleka mmoja. Nilikuwa nimeiomba mara tatu. "Nilikuwa nataka kukuita hata. Jina lako nimeliweka mwaka huu. Na ile barua ya onyo ya mwenzako nitaitoa kwa faili yake, iishe. Sasa unataka nini kingine?"

Ningependa kuandika kwamba nilimrushia fomu. Niliichukua. Niliikunja vizuri isipate alama, nikasema asante metroni. Nikiikumbuka sauti yangu ilivyokuwa laini, hadi leo nataka kunawa mdomo.

Sherehe ilikuwa Ijumaa mchana, katika hoteli moja mjini yenye mazulia mekundu. Metroni alisema kila idara itoe mtu, na wa thieta awe mimi. Mwalimu wangu alibaki zamu, maana lazima mtu abaki. Asubuhi aliniona nikipaka mafuta miguuni kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Unaenda kule," akasema.

"Nimetumwa, mama."

Alinitazama kidogo, akarudi kwenye vyombo vyake.

Ukumbini tulipewa sambusa na soda kabla ya hotuba. Watu walikuwa wamependeza. Mwenyekiti wa chama alizungumza kuhusu wauguzi wasioonekana, watumishi wa nyuma ya pazia, na akasema leo pazia limefunguliwa. Kisha akamwita shahidi. Yule mpasuaji alinyanyuka kutoka meza ya mbele, akafunga kifungo cha koti, akashika maikrofoni.

"Mimi ndiye niliyekuwa na kisu siku hiyo," akasema, na watu wakacheka. "Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na haraka. Na huyu mama," akanyoosha mkono kwa metroni, "huyu mama akaniambia, daktari, hapana. Angekuwa mwingine angeogopa. Mimi mwenyewe nilijifunza unyenyekevu siku hiyo."

Aliyasema bila kupepesa macho, mtu aliyemwambia mwalimu wangu akahesabu kuku. Metroni alipanda jukwaani akifuta jicho kwa kitambaa. Alipokea cheti chenye fremu, akasema anakipokea kwa niaba ya wote wanaofanya kazi kimyakimya. Ukumbi mzima ukasimama. Nami nikasimama. Nilikuwa na nusu sambusa katika mkono wa kushoto, nikapiga makofi nikiwa nayo, mafuta yakanitiririka hadi kwenye kiwiko. Metroni alinitafuta kwa macho kutoka jukwaani, akaniona nimesimama, akaniinamishia kichwa. Hapo ndipo kile kinyaa kiliponipanda.

Nilifika msalani nikiwa nimeziba mdomo. Nilitapika sambusa, nikatapika soda, nikatapika mpaka pakabaki maji machungu. Mama mmoja muuguzi wa hospitali nyingine alinikuta nimeshikilia sinki, akanipangusa shingo kwa maji.

"Pole, mwanangu. Ni mimba?"

"Ni sambusa," nikamwambia. Hata hapo, kwa mtu nisiyemjua, sikuweza kusema ukweli.

Jumatatu nilimwambia mwalimu wangu kila kitu. Kurasa nne, fomu, mpasuaji, makofi. Alikuwa akipanga mikasi kwenye trei, na hakuacha kuipanga.

"Ulipiga makofi?"

"Nilipiga."

"Ulisimama?"

"Nilisimama, mama."

Aligeuza mkasi mmoja uliokuwa umekaa upande. "Nenda ukanawe mikono," akasema. "Kuna kesi saa tatu."

Kwa miezi miwili hatukuzungumza isipokuwa kuhesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Sauti zetu pamoja, macho mbalimbali. Daktari wa usingizi alijaribu utani akaona haupokelewi. Nilikuwa nikirudi Waithaka nikijinusa mikono kana kwamba kuna kitu kimebaki kwenye kucha.

Mwishowe niliandika tena. Safari hii sikuipeleka kwa metroni. Nilipanda ngazi za jengo moja la zamani karibu na barabara ya Tom Mboya, ghorofa ya tatu juu ya duka la viatu, ambako jarida lilikuwa na ofisi ya chumba kimoja. Mhariri alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamume mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Nilimpa barua yenye jina langu na sahihi yangu. Nilieleza nani alikataa na nani aliamuru. Kama ushahidi nilitaja ile picha: mtu anayefanya kazi thieta kila siku hawezi kuvaa maski juu chini, na metroni hajavuka mstari ule tangu niajiriwe, ila siku ya kupigwa picha.

Aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Nakuamini," akasema. "Hata nilishangaa hiyo picha. Lakini dada yangu, fikiria. Ndiyo mara ya kwanza tunatoa tuzo ya thieta. Tukiandika kwamba ya kwanza ilikuwa ya uongo, nani atatoa ya pili? Watu watasema nini juu ya taaluma yetu?"

"Watasema tulisahihisha."

"Niachie, nione nitafanya nini."

Alichofanya kilitokea katika toleo lililofuata, ukurasa wa mwisho, chini ya matangazo ya vifo, ndani ya kisanduku kilichoitwa Masahihisho. Nakikumbuka neno kwa neno: kwamba mwanachama mmoja amebaini kuwa maski katika picha ya mshindi wa tuzo imevaliwa juu chini, na wanachama wote wanakumbushwa kuwa upande wenye waya hukaa puani. Basi. Katika yote niliyoandika, uongo uliosahihishwa ulikuwa wa waya.

Nilikuwa nimesimama mbele ya ubao, nimeganda, mwalimu wangu alipokuja na kikombe chake cha chai. Alisoma kile kisanduku. Akarudia kukisoma. Kisha kitu kikamtikisa mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka chai ikamwagika, akaketi kwenye benchi, akajipiga paja.

"Umeandika wewe?"

"Niliandika yote, mama. Wameacha hayo tu."

"Waya hukaa puani," akasema, akajifuta machozi. Halafu akaweka kikombe chini. "Watakutoa, unajua?"

Walinitoa wiki hiyohiyo. Fomu ya kozi ilikwenda kwa mwingine, nami nikapelekwa kwenye chumba cha kuchemshia vyombo, chini ya ngazi, ambako hakuna mgonjwa wala dirisha. Nilikaa huko mwaka mzima na mvuke. Mwalimu wangu aliteremka kila siku wakati wa chai akiwa na vikombe viwili. Hakuniambia amenisamehe, aliniambia habari za kesi, nani kahesabu vibaya, nani anafaa.

Siku alipostaafu alikwenda ofisi ya wafanyakazi kuchukua karatasi zake, na alinichukua nimsindikize. Karani alikuwa mtu mwema. Alifungua faili, akaiona ile barua ya onyo, ambayo metroni hakuwahi kuitoa, akasikitika.

"Hii niitoe, mama? Mtu asistaafu na kitu kama hiki."

"Iache," mwalimu wangu akasema. "Tena nipigie kopi na sahihi ya metroni ionekane vizuri. Katika hospitali hii yote, hiyo ndiyo karatasi pekee inayosema nilifanya nini."

Karani hakuelewa, akapiga kopi. Mimi nilitoka nikasimama nje, nimeegemea ukuta.

Mwaka uliofuata nami niliondoka, nikapata kazi katika hospitali ya serikali nje ya Nairobi, nikafanya kozi ile kwa kujinyima na kwa kuchelewa. Metroni alipanda cheo, akawa anaitwa kwenye mikutano kuzungumzia ujasiri. Mpasuaji aliendelea kupasua. Jarida liliendelea kutolewa na tuzo ya thieta ikawa ya kila mwaka. Pengine wengine walioipata walistahili, sitaki kuwachafua.

Nilikutana na metroni mara moja tu baada ya hapo, kwenye foleni ya benki mjini. Alikuwa amenenepa, amejitia manukato, na kabla sijajua la kufanya alikuwa ameshanikumbatia.

"Wewe! Ulipotelea wapi? Nilikuwa nakutafuta hata," akasema. "Kuna tuzo nyingine, hii ni ya maisha yote ya kazi. Wanataka mtu aniandikie kisa. Nikasema hakuna mtu ana kalamu kama yako."

Nilimtazama usoni nikitafuta dhihaka, au haya, au hata ujanja. Hapakuwa na kitu. Alikuwa ameamini. Miaka ilikuwa imepita, na yeye mwenyewe alikuwa akijikumbuka amesimama mezani na sindano kifuani.

"Sikuandikii," nikamwambia.

"Uko bize?"

"Hapana. Siko bize."

Foleni ikasogea, watu nyuma yetu wakaanza kunung'unika, naye akaitwa dirishani akaenda akiwa bado anatabasamu. Mimi nilitoka bila kufanya nililokuja kufanya, nikatembea hadi kituo cha mabasi cha Kencom nikiwa nimefungua vifungo vya koti upepo uingie, kwa sababu manukato yake yalikuwa yamenishika shingoni.